Peugeot 404 ya marehemu baba: je, naweza kuipiga rangi mwenyewe nyumbani?

Swali: "Jambo, mzee fundi. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Baba alituachia Peugeot 404 ya mwaka 1969, nyeupe ya maziwa, aliyoinunua kwa mzungu mmoja alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines. Injini inawaka vizuri. Rangi ndiyo imekwisha: juu ya paa imekuwa chaki tupu, kwenye kapo (boneti) kuna mtu aliipiga rangi nyingine ambayo sasa inabanduka, na chini ya milango kuna malengelenge ya kutu. Nina kompresa ya lita 50 na nafasi ya kutosha ndani ya lupango (uwanja wa nyumba). Mimi si fundi, ni mwalimu. Rafiki mmoja ananiambia nikwangue gari lote hadi bati tupu, nizibe kutu kwa mastiki (ile lipu ya kuziba bodi), kisha ninunue rangi ya dirsiseri, ile inayochanganywa na kigumishaji, maana ndiyo inayong'aa na kudumu, na maski ya vumbi itatosha. Mwingine anasema rangi ya mafuta ya milango ya nyumba, ikiyeyushwa kwa petroli, ni kitu kilekile kwa bei ndogo. Garaji niliyoiuliza imetaja bei nisiyoiweza. Ndugu zangu wanaogopa nitaliharibu gari la mzee. Kazi hii inawezekana kwa mtu kama mimi? Nianzie wapi?"

Jambo sana, ndugu mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Inawezekana, ila si yote, na si kwa njia yoyote kati ya hizo mbili ulizoambiwa. Kupiga rangi kuna sehemu kubwa ya mikono na subira: kufungua, kusugua, kuosha, kunyoosha, kusugua tena. Sehemu hiyo mwalimu mwenye likizo anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi anayekimbizana na wateja. Halafu kuna sehemu ndogo ya saa chache, ile ya kupuliza rangi ya juu, na humo ndimo mtu anaweza kujiharibia mapafu maisha yake yote kwa sababu ya kapo moja. Kwa hiyo chukua ile sehemu ndefu iwe yako. Ile fupi, ama ibadilishe, ama ilipie.

Ndugu zako waambie hivi: rangi iliyopigwa vibaya haiui gari. Ikichuruzika au ikikunjamana, unaisugua na kurudia, umepoteza pesa kidogo na wiki kadhaa. Kinachoua 404 ni kutu iliyofunikwa. Gari hili halina chasisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na mizigo, na yale mabati yaliyokunjwa yanayopita chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ni sehemu ya nguvu zake. Ndiyo maana malengelenge hayo ya chini ya milango yananisumbua kuliko paa na kapo kwa pamoja, na ndipo utakapoanzia.

Kutu inahitaji chuma, maji na hewa. Kiangazi chetu ni kirefu na hatumwagi chumvi barabarani kama Ulaya wakati wa theluji, kwa hiyo bati la huku huoza polepole. Lakini matope mekundu ya masika yanarushwa na magurudumu, yanajipenyeza ndani ya hayo mabati ya chini na kubaki humo yakiwa na unyevu hata wiki kadhaa baada ya mvua kukatika. Kutu basi inaanzia ndani. Lengelenge linapotokea nje, ndani pameshaliwa. Sasa fikiria mastiki. Mastiki hiyo inanyonya maji. Ukiziba tundu kwa mastiki, upande wa nyuma unabaki wazi, mastiki inakunywa unyevu, kutu inaendelea bila kuonekana, na mvua za mwaka mmoja au miwili zikipita lengelenge linarudi palepale, tena kubwa zaidi, chini ya rangi yako mpya.

Chukua bisibisi ya zamani, lala chini ya gari (liegemee vigingi imara, kamwe si jeki peke yake), na ubonyeze kila sentimita chache. Bati likigoma, ni kutu ya juu tu. Ikwangue mpaka chuma king'ae, vishimo vidogo vilivyobaki vyeusi vipake dawa ya asidi ya fosfori, fuata maandishi ya chupa kuhusu kuosha, kausha kabisa, na siku hiyohiyo funika kwa apre (rangi ya chini) ya epoksi. Bisibisi ikizama, au ukisikia bati linavunjika kama mkate mkavu, weka vifaa chini. Hiyo si kazi yako tena. Tafuta tolie, yaani fundi wa bati, mwenye mashine ya kuunganishia ya waya, akate sehemu iliyooza yote na kuweka bati jipya la karibu milimita 0.8. Kabla hajawasha chochote, tangi la petroli litolewe na betri ifunguliwe. Na gari likae kwenye magurudumu yake au kwenye vigingi karibu na magurudumu. Ukikuta fundi ameliinua katikati kwa jeki huku akikata mabati ya chini, mzuie, maana bodi itapinda na milango haitafunga sawasawa tena. Pesa za hatua hii usizionee uchungu. Ukizikosa mwaka huu, ahirisha rangi, usiahirishe bati.

Nije kwenye ushauri wa kukwangua gari lote. Unasikika kama ushauri wa mtu anayependa kazi safi, na kwa gari lililopigwa rangi mara sita ungekuwa sahihi. Kwako sivyo. Rangi ya kiwandani ya miaka ile iliokwa katika tanuri, na kama bado imeshika bati baada ya nusu karne, hakuna apre utakayoinunua mjini itakayoshika vizuri zaidi. Bati tupu, kwa upande mwingine, linaanza kupata kutu kwa jasho la vidole vyako tu. Ukiwa na garaji na watu watatu unaweza kulikwangua na kulifunika siku moja. Peke yako, jioni baada ya shule, utakuwa unaacha chuma uchi kulala nje. Kwangua hadi chini pale tu rangi inapobanduka, yaani kapo lako, na pale penye kutu. Kwingine sugua tu mpaka mng'ao uishe, ili rangi mpya ipate pa kushika.

Kuhusu paa, huenda hata rangi haihitajiki. Ile chaki ni rangi ya juu kabisa iliyochomwa na jua: utomvu uliokuwa unashikilia unga mweupe umekufa, unga umebaki. Chini ya hapo mara nyingi kuna rangi nzima. Osha vizuri, chukua krimu ya kung'arishia bodi, isiwe na silikoni, na usugue kipande cha ukubwa wa daftari kwa kitambaa. Kitambaa kitakuwa cheupe, usishtuke. Kama chini yake panatokea mng'ao na rangi nzito, umejiokolea robo ya kazi. Kama panatokea kijivu cha apre, basi paa nalo linaingia kwenye orodha. Nimeona watu wakipiga rangi magari ambayo yalihitaji mikono miwili na Jumapili moja.

Kabla ya kununua rangi yoyote, ijue iliyopo. Lowesha kitambaa cheupe kwa diluanti (kiyeyushi cha rangi) ya selulosi, kibandike juu ya rangi dakika mbili au tatu, mahali pasipoonekana, kisha uangalie. Rangi ikiyeyuka na kukihamia kitambaa, ni ya selulosi au akriliki ya zamani. Ikikunjamana, ni ya sintetiki iliyokaushwa kwa hewa, na nina shaka kubwa kwamba kapo lako litakupa jibu hilo. Isipofanya kitu, ni ile ya tanuri au ya dirsiseri, na hiyo ndiyo habari njema. Fanya jaribio hilo kwenye kila bati, kwa sababu gari la umri huu lina historia tofauti kila upande.

Kwa nini jaribio hilo lina maana? Kwa sababu rangi hazikauki kwa njia moja, na humo ndimo magomvi yote ya rangi yanamotoka. Rangi ya selulosi hukauka kwa diluanti kuruka hewani, basi. Ukiirudishia diluanti yake, hata baada ya miaka thelathini, inalainika tena. Rangi ya sintetiki, ile ya alkidi, diluanti yake huruka kwanza, kisha mafuta yaliyomo yanashikana na oksijeni ya hewa polepole. Inaanza juu, inafanya ngozi, huku chini bado ni mbichi kwa siku nyingi. Ukiirudia katika kipindi hicho cha ukaidi, baada ya siku moja au wiki moja, diluanti mpya inapenya, ngozi inavimba na kukunjamana yote. Ndiyo maana sintetiki hurudiwa ama ndani ya saa chache kama kopo linavyoelekeza, ama baada ya wiki kadhaa. Na ndiyo maana selulosi haipigwi kamwe juu ya sintetiki: diluanti yake ni kali, itaichemsha. Kinyume chake kinakubalika. Rangi ya dirsiseri nayo haingoji hewa. Vitu viwili vinachanganywa na kufungana vyenyewe, na vikishafungana havirudi nyuma. Kwa hiyo rafiki yako wa kwanza hakusema uongo: inang'aa, inadumu, inavumilia petroli ikimwagika. Tatizo ni kile kinachoifunga.

Dirsiseri ya rangi hizo ina kemikali iitwayo isosianati. Ikipulizwa kwa pistole ya rangi inakuwa ukungu mwembamba unaoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na ndani ya baadhi ya watu mwili unaukataa moja kwa moja. Wanapata pumu ya kazini. Mtu akishafika hapo, hata kiasi kidogo sana mwaka unaofuata kinaweza kumbana kifua vibaya, na hakuna dawa ya kuufanya mwili usahau. Maski ya vumbi haizuii kitu. Hata ile maski nzuri ya makaa yenye vichungi viwili haiaminiki hapa, kwa sababu isosianati huwezi kuinusa kwa kiwango kinachodhuru, kwa hiyo kichungi kikichoka hutajua. Kinachotakiwa ni maski inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka mahali pengine, pamoja na nguo za kufunika ngozi na macho, ndani ya chumba kinachovuta ukungu na kuuchuja. Katika lupango la Katuba, ukungu huo unakwenda kwa mama wa jirani anayeosha sahani, na kwa watoto wanaokuja kuangalia kwa sababu kupuliza rangi ni sinema ya bure. Mafundi wengi mjini wanapuliza hivyo na kitambaa mdomoni, najua. Wengine wamepona, wengine wanakohoa. Mimi siwezi kukuandikia ufanye hivyo.

Rafiki wa pili naye ana nusu ya ukweli. Rangi nzuri ya mafuta ni alkidi, jamaa wa karibu wa rangi za sintetiki zilizopigwa magari mengi zamani. Lakini ile ya milango imetengenezwa kwa brashi: ni laini, inabaki na ulaini kwa muda mrefu, nyeupe yake inageuka njano na haipendi jua la mwaka mzima. Na petroli ni wazo baya pande zote. Inaruka haraka mno, rangi inakauka kabla haijajinyoosha na kuacha ngozi ya chungwa. Ina viungo vingine visivyotakiwa ndani ya rangi. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi kwenye mbabula (jiko la makaa) ya jirani uliyodhani iko mbali. Mafuta ya taa nayo yanaacha uteute usiokauka. Ukichagua sintetiki, nunua iliyoandikwa kuwa ni ya magari au ya mashine, na uiyeyushe kwa waiti spiriti au diluanti inayotajwa kwenye kopo lake. Hata hiyo inawaka moto, kwa hiyo siku hiyo hakuna mbabula, sigara wala chaja ya simu mahali unapopulizia.

Basi una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kupuliza sintetiki ya magari mwenyewe, bila dirsiseri (wauzaji wengine watakupa chupa ndogo "ya kuharakisha", soma kibandiko, na ukiona neno isocyanate kwa Kifaransa au Kiingereza, irudishe). Hapa maski ya makaa yenye vichungi vipya inafaa, pamoja na hewa inayopita. Utapata mng'ao mzuri wa kizamani, si wa kioo. Ubaya wake ni kwamba inakauka polepole, vumbi lina saa nyingi za kutua, na ukikosea inabidi ungoje.

Ya pili watu huicheka mpaka waone: rolo ndogo ya sponji. Sintetiki inayeyushwa kwa waiti spiriti hadi iwe nyepesi kuliko unavyodhani, inapakwa tabaka jembamba sana, inaachwa ikauke kweli, kila baada ya tabaka mbili inasuguliwa kwa msasa wa maji, na mwishoni inang'arishwa kwa krimu. Hakuna ukungu, hakuna kompresa, delestaji ya SNEL (mgao wa umeme) haikuhusu. Inachukua majuma mengi na mikono inachoka. Kwa gari jeupe lisilo na rangi ya metali ndani yake, matokeo yanaweza kuwa mazuri ajabu, kwa kuwa nyeupe inaficha mawimbi ya bati ambayo nyeusi ingeyaanika.

Ya tatu ndiyo ningeichagua kama ningekuwa wewe. Fanya kila kitu nyumbani mpaka gari liwe limenyooka, lina apre iliyosuguliwa, halina kioo wala kromu wala taa, kisha ulipe garaji yenye kabini (chumba cha kupulizia rangi) kwa kupuliza rangi ya juu tu. Bei uliyotajiwa sehemu kubwa ni saa za mikono. Rudi na swali jingine: "Nikikuletea gari tayari, unapuliza kwa kiasi gani?" Lakini ongea na mpuliza rangi kabla hujaanza, si baada ya kumaliza. Muulize apre gani anaiamini, namba gani ya msasa ya mwisho anataka, na yeye atahakikisha nini. Fundi akikuta apre asiyoijua chini ya rangi yake, atakuambia mapema kwamba ikibanduka si kosa lake, na atakuwa na haki.

Ukiamua kupuliza nyumbani, majira ni muhimu kuliko pistole. Watu wanangoja katikati ya kiangazi, na hilo ni kosa. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, asubuhi bati ni baridi kuliko hewa, na rangi haitaki bati la chini ya nyuzi 15. Mwezi wa nane na wa tisa upepo umeamka, vumbi jekundu liko kila mahali na majivu ya moto wa nyika yanaelea juu ya mji. Wakati wako ni mwezi wa tano: mvua zimekatika, ardhi bado haijageuka unga, mchana una joto la kutosha. Puliza kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kivulini, ili mpaka jioni, moshi wa makaa na wadudu wanapofika, uso uwe umeshika. Mwagilia udongo kuzunguka gari kwanza. Tundika turubai safi juu na pande, ukiacha hewa ipite, kwa kuwa hema lililofungwa kabisa ni hatari ya moto na ya kichwa kuzunguka. Waarifu majirani waanue nguo.

Kompresa yako, nakuonya, ni ndogo. Lita 50 ni ukubwa wa tangi tu, kinachohesabiwa ni lita ngapi za hewa inatoa kwa dakika. Pistole nyingi za kupuliza bodi zinakula lita 250 hadi 350 kwa dakika na zaidi, na mashine ya ukubwa wako kwa kawaida haifiki huko. Tena Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo inatoa pungufu ya kilichoandikwa. Katikati ya kapo shinikizo litashuka, matone yatakuwa makubwa, uso utakuwa na vinundu. Tumia pistole ndogo, bati moja kwa wakati, pumzisha mashine. Fungua milango, kapo na buti uvipulize pembeni, vikiwa peke yake. Hilo pia linakuokoa na delestaji: umeme ukikatika unaharibu mlango mmoja, si ubavu mzima. Kila siku toa maji ya tangi kwa kile kizibo cha chini na uweke kichungi cha maji kwenye mpira, kwa sababu hewa iliyobanwa inaacha maji hata wakati wa kiangazi. Shika pistole sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, mkono uende sambamba, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Jifunze kwanza kwenye bati la zamani la friji lililosimamishwa wima.

Kusugua kwenyewe sina mengi. Mastiki, kwenye mibonyeo tu na isiyozidi milimita 3 hivi, dirsiseri yake asilimia 2 ya uzito, isuguliwe kavu kwa msasa namba 80 kisha 180, usiitie maji. Kabla ya apre 240 au 320. Apre isuguliwe kwa maji na 400 kisha 600, ukitumia kipande cha ubao au mpira chini ya msasa, kwa sababu vidole vinachimba mifereji ambayo rangi ya kung'aa itaitangaza mtaani. Rangi ya zamani yenyewe sugua kwa maji, si kikavu. Rangi na apre za miaka ile zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto hasa. Tope lake likusanye kwenye ndoo na mfuko, lisiende bustanini wala kwenye kisima. Mwisho, ondoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja cha kupaka dawa na kingine kikavu cha kuifuta kabla haijakauka. Usilete karibu na gari ile dawa ya kung'arisha matairi: silikoni yake ikigusa bati, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara ambavyo hakuna tabaka litakaloviziba.

Rangi halisi ya mzee usiitafute juu ya mlango. Jua limekwisha kuibadilisha. Ondoa kibao cha ndani cha mlango au zulia la buti, ile iliyojificha kizani ndiyo ya 1969. Mpelekee mchanganya rangi kipande kidogo kinachofunguka, akilinganishe nje, mchana. Nunua ya kutosha kwa mkupuo mmoja, kiasi cha lita nne au tano ikiwa imekwisha kuyeyushwa, maana mchanganyiko wa pili haufanani kamwe na wa kwanza. Na usidharau unachokishika: 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Vipande vyake vya kromu na mipira ya vioo ni vigumu kupata, kwa hiyo vifungue polepole, piga picha kabla, weka kila skrubu kwenye mfuko wenye jina.

Siku yoyote ya kazi hii, ukipata kukohoa kusikoisha, kifua kubana au filimbi ya pumzi, hata kama imeanza usiku, saa kadhaa baada ya kuacha kazi, nenda hospitali, iwe Sendwe au kituo kilicho karibu nawe, na umwambie daktari umeshika rangi gani. Peleka kopo au picha ya kibandiko. Kama wewe au mtu wa nyumbani tayari ana pumu, chagua rolo bila mjadala.

Kwa sasa usinunue rangi hata kopo moja. Jumamosi hii ondoa mazulia, lala chini na ile bisibisi, weka alama ya chaki kila inapozama, kisha uzipige picha alama hizo uziambatanishe na barua yako inayofuata. Alama tatu au nne, nitakuambia cha kumuuliza tolie. Zikizidi hapo, mwite aje alione gari mwenyewe kabla hujasugua chochote.